Kaburi Ambalo Mama Hakulikaribia

Nyumba yangu inaonekana kutoka barabara kuu ya Mombasa, kabla hujafikia vituo vya mafuta vya Mtito Andei. Paa lake ni jekundu, na makondakta hulitumia kama alama ya kushusha abiria. Sioni aibu kulisema. Niliijenga kwa ramani niliyoichora mwenyewe, kwa jasho nililolimwaga Doha, nilikoingia nikiwa kibarua wa kubeba mbao na kutoka nikiwa msimamizi wa mafundi wa mataifa mengi. Diploma yangu ya ujenzi imetundikwa sebuleni, juu kidogo ya televisheni, na mgeni huiona kabla hajaonyeshwa kiti. Hakuna mjomba aliyenitafutia kazi wala mbunge aliyeniandikia barua.

Mama anaishi nami. Nilipomhamishia humu kutoka kwenye nyumba yetu ya zamani ya matofali mabichi, nilimzungusha chumba kwa chumba. Nilimfungulia bomba la maji ya moto. Nilimwonyesha tangi, taa za sola, choo cha ndani. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa ng'ombe wa jirani. Mwishowe tukakaa barazani na nikamwambia, "Mwaitu, sasa niambie kitu kimoja unachotaka, chochote, nikufanyie."

Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Nilitarajia ataje jiko la gesi.

"Nataka kufika alikolazwa dada yako," akasema. "Miguu yangu inakwisha. Nikikaa sana sitafika."

Nilijua anamzungumzia nani. Tulipokuwa watoto, mama aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma kwa madereva wa malori aliulizwa kila mara ana watoto wangapi, naye alianza hesabu yake na mtoto ambaye hatukuwahi kumwona. "Wa kwanza yuko Tulia," alikuwa akisema, kisha anaendelea kutaja sisi wengine. Sisi tulidhani tuna dada mkubwa huko Tulia, upande wa Kitui, amekaa na shangazi, na kwamba Krismasi moja atashuka kwenye basi amebeba nguo mpya na mkate mkubwa wa duka. Mdogo wangu alikuwa akitishia watoto wa jirani kwa jina la huyo dada. Tulimgombania hata kabla hajaja: mimi nilisema atalala upande wangu wa mkeka, mdogo wangu akasema upande wake.

Jioni, mama akitwanga mahindi ya muthokoi, mchi ukipanda na kushuka, mimi nilikuwa nikimuuliza, "Dada atakuja lini?" Naye alikuwa akijibu, "Yeye haji. Ni sisi tutakwenda." Harufu ya makapi ya mahindi yaliyoloa, moshi wa dizeli ukitoka barabarani, na sauti yake ikisema tutakwenda: hayo matatu hayajanitoka mpaka leo. Nimelala katika hoteli zenye zulia kama nyasi, na bado harufu ya makapi ndiyo ninayoiita nyumbani.

Nilipokuwa na akili ya kutosha nilielewa. Dada yangu alikufa kwa surua kabla hajajua kutembea. Wazazi wangu wakati huo walikuwa bado kwenye vilima karibu na Tulia, kwa baba ya baba yangu. Babu naye alikuwa amefariki msimu uo huo. Baada ya hapo mvua iligoma, shamba likawa dogo kwa ndugu wengi, na baba akahamia huku chini Makueni kukata pori na kuanza upya. Mama akafuata na mimba yangu tumboni. Makaburi yalibaki nyuma, na hakuna aliyerudi kuyaangalia.

Basi nikamwambia mama, "Hilo tu? Hilo ni kazi ya wiki moja." Nilimaanisha. Nimesimamisha maghorofa. Ningeshindwaje na kaburi?

Tulipita Kibwezi, tukavuka mto Athi, tukapanda kupitia Ikutha na Mutomo, mama akiwa mbele kwenye pikapu yangu, ameshika mkanda kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshika mbuzi. Wakati wao walipohama, alisema, barabara hii ilikuwa vumbi tupu, na yeye alisafiri juu ya magunia ya mbaazi. Alinionyesha kila mahali lori lilipokwama. Sasa ni lami, na nilikuwa nikiendesha taratibu makusudi ili apate nafasi ya kukumbuka.

Tulia tulipokewa na shangazi yangu, dada ya baba, mjane anayeuza ndengu na nyanya sokoni. Shangazi ni mwanamke wa sauti. Aliponiona alipiga makofi, akanizunguka, akashika kitambi changu.

"Baba yangu amerudi!" akapaza sauti, soko zima likageuka. "Tena amerudi mnene! Baba, ulipokuwa hai ulininyima viatu. Leo nitavaa."

Mimi nimepewa jina la babu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa hiyo shangazi huniita baba, na si mzaha mtupu. Ananidai kama mtoto anavyodai. Nilimnunulia viatu kabla hatujanywa chai. Vilikuwa vizuri kuliko vyote vilivyokuwa dukani, na nilihakikisha wenye maduka jirani wameviona.

Kesho yake tulikwenda makaburini. Yako nyuma ya kanisa la zamani, lile la mawe ambalo waumini waliliacha walipojenga jipya karibu na barabara. Ua wa makonge uliokuwa umeyazunguka ulikuwa umekua ukawa msitu. Ndani kulikuwa na michongoma, vichuguu vya mchwa, na mbuzi wa watu wakitafuna kimya. Misalaba ya mbao ilikuwa imeliwa siku nyingi. Mzee wa kanisa aliyetufungulia lango, mtu mpole mwenye kofia ya sufu katikati ya jua, alisema tu, "Tafuteni. Mkipata wenu, mtatusaidia na wetu."

Mama alibaki langoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki nilichombebea. Nilidhani ni magoti.

Hapa ndipo masomo yangu yalipolipa. Shangazi alikumbuka kwamba babu alizikwa upande wa mashariki, chini ya kona ya kanisa, na kwamba walipanda mishubiri kichwani, ile mimea yenye majani manene ambayo kwetu huitwa kiluma na hupandwa makaburini kwa sababu haifi. Lakini mishubiri ilikuwa imezaana ikatapakaa kila mahali. Shangazi alisimama katikati akajishika kiuno. "Baba, uko wapi?" akaita. "Hata ukiwa kaburini unajificha kukwepa kazi!"

Nilikodi vijana wa kufyeka. Kisha nikachukua kipande cha nondo nilichokinoa ncha, nikafunga kamba kutoka kona ya kanisa kwenda mashariki, na nikaanza kudunga ardhi kila hatua. Udongo wa huko ni mwekundu na mgumu. Ukiudunga nondo inagonga na kugoma. Lakini ardhi iliyowahi kuchimbwa haisahau. Hata baada ya maisha ya mtu mzima, nondo huzama kama kwenye uji mzito. Niliweka kijiti kila ilipozama. Ilipofika saa ya chakula vijiti vilikuwa vimechora mistari ya makaburi, yamelala sambamba, vichwa upande mmoja, safi kama vitanda vya bweni. Mzee wa kanisa alivua kofia yake. Nakiri nilisimama pale nikifurahia kazi yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

La babu lilikuwa refu kuliko mengine, maana alikuwa mtu mrefu, nami nimechukua urefu wake. Na ubavuni mwake, upande wa kulia, nondo ilizama mahali padogo, pafupi kama meza ya kahawa. Chini ya majani tuliyofyeka kulikuwa na mduara wa mawe meupe, madogo, yamezama nusu.

Shangazi alipoyaona alichuchumaa, akafuta udongo kwenye jiwe moja kwa kidole.

"Mawe haya niliyaokota mimi mtoni," akasema. "Mimi ndiye niliyembeba. Alikuwa mwepesi. Tulisema alazwe kwa babu yake amlee, kwa sababu baba yako alikuwa mbali kwenye kazi ya mkonge, na hatukutaka awe peke yake."

Nilitoka mbio kwenda langoni, mzee mzima mimi. "Mwaitu, tumempata! Njoo umwone. Njia nimeisafisha, hakuna hata mwiba."

Mama aliinuka. Alitembea mpaka ulipoishia ua wa makonge, akaona vijiti vyangu, akaona shangazi amesimama wapi. Kisha akasimama.

"Yuko karibu na mzee?" akauliza.

"Ubavuni mwake kabisa."

Akarudi nyuma hatua. "Basi sifiki."

Nilimweleza kwamba ningemshika mkono. Akatikisa kichwa. Nikamwambia ningeleta pikapu ndani. Akaniangalia kana kwamba nimetukana.

Ndipo nikaelewa kwamba shida haikuwa magoti. Ni nthoni. Kwetu, mke wa mtu humwonea baba mkwe wake heshima ya kumkwepa. Hiyo ndiyo nthoni. Hapiti mbele yake, hakai naye meza moja, hatamki jina lake. Mama hajawahi kulitamka jina langu, kwa sababu ni la huyo mzee. Tangu nizaliwe ananiita "Mzee", na shuleni nilipoanza nilidhani ni jina langu hasa. Baba mkwe ndiye anayeweza kulegeza nthoni, kwa kumpa mke wa mwanawe zawadi na kumwita akaribie. Babu yangu alikufa kabla ya kumpa mama chochote. Siku mtoto wake alipozikwa, mama alisimama hapa hapa kwenye makonge, akatazama migongo ya wanawake wengine.

"Lakini Mwaitu, mzee ameshakufa," nikasema. "Ni mifupa."

"Amekufa, hajaniita," akajibu. "Kufa siyo ruhusa."

Mzee wa kanisa alikohoa. "Mama, sisi ni watu waliookoka. Haya mambo ya wafu tuliyaacha."

"Mimi sijaabudu mtu," mama akasema, bila kupandisha sauti. "Wewe, mchungaji akiwa amelala, utamruka miguu kwa sababu umeokoka? Hii ni adabu."

Mzee wa kanisa alirudisha kofia yake kichwani.

Mimi ni mtu wa suluhisho. Nilitoa kalamu na kuchora nyuma ya risiti ya saruji. Nilimwonyesha mama: tungejenga ukuta mfupi wa mawe kati ya makaburi mawili, kimo cha kifua, na njia ya kuingilia kutoka nyuma, upande wa msituni. Angefika kwa mtoto bila kumwona mzee, na mzee bila kumwona yeye. Nilikuwa nimekwisha kufikiria hata maji ya mvua yangepita wapi. Ilikuwa ramani nzuri, na bado nasema hivyo.

Mama aliitazama kwa makini, akafuata mistari kwa kidole.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto yuko upande wako."

"Kwa hiyo umemtoa kwa babu yake. Miaka yote amelelewa na yeye, leo mimi nimekuja na gari nimewatenga kwa saruji." Akanirudishia karatasi. "Mzee, wewe unajua kujenga. Hiki hakijengwi. Turudi nyumbani. Nimeona mahali. Inatosha."

Haikutosha, kila mtu aliona. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake, macho yakienda kwenye mduara ule wa mawe na kurudi.

Shangazi alitufikia, viatu vyake vipya vimejaa vumbi, amesikia yote.

"Wifi, unasema baba yangu hajakuita?"

"Hajaniita."

"Na huyu ni nani?" Akanichoma kidole kifuani. "Huyu anayekula kuku wangu tangu jana? Sokoni nimemwita nani? Viatu hivi nimevaa vya nani? Wewe mwenyewe unamwita Mzee maisha yako yote kwa kumwogopa, halafu leo unasema mzee hayuko!"

"Huyu ni mtoto wangu. Nilimnyonyesha."

"Ulimnyonyesha mwili, hilo ni lako. Jina ni la baba." Akanigeukia. "Na wewe, unasimama hivyo na tumbo kama mtungi. Baba mkwe gani huyu asiyetoa kitu? Bahili tangu zamani! Nenda sokoni ukalete blanketi, uje umwite mke wa mwanao kama mtu mwenye mji."

Nilimtazama mama, nikitarajia akatae. Hakukataa. Alisema kwa sauti ndogo, "Isiwe nyepesi."

Nilikwenda sokoni nikafungulisha mabunda ya blanketi. Muuzaji alinionyesha blanketi za shuleni, nikamwambia aziweke mbali nami. Nilichagua moja nzito, ya kahawia na maua ya dhahabu, ile ambayo bwana harusi mwenye uwezo humpelekea mkwewe, na nikaibeba begani bila mfuko ili ionekane. Njiani nilijisikia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia hata siku niliyopewa diploma. Siku ile nilikuwa mimi. Siku hii nilikuwa nimebeba mtu mwingine, mrefu kama mimi, aliyekuwa na deni la adabu na akafa kabla hajalimaliza.

Shangazi alikuwa ameniwekea kigoda kichwani mwa kaburi la babu, kwenye mishubiri. Nikakaa. Sikujua niseme nini. Katika majengo nimezoea kupiga kelele watu mia wakanisikia, na hapo nikaanza kunyoosha pindo za blanketi. Mama alikuwa ameinamisha uso kule kwenye makonge.

"Sema," shangazi akanong'ona kwa nguvu. "Usikae kama unangoja chai."

"Mke wa mwanangu," nikasema kwa Kikamba. "Karibia. Umekaa nje muda mrefu. Njoo uchukue chako, upite. Mji ni wako."

Alikuja. Alitembea polepole, akichagua pa kukanyaga ingawa nilikuwa nimefagia. Alipofika mbele yangu hakunitazama usoni. Alinyoosha mikono yote miwili, akapiga goti kidogo, akapokea blanketi, na kusema neno la kushukuru ambalo mwanamke humwambia mkwewe. Mama yangu mwenyewe. Nilitaka kuamka nimzuie asipige goti, shangazi akanibana bega nikae.

Kisha akanipita. Alipita mbele ya kaburi la babu, mbele kabisa, ambako kwa maisha yake yote hakuweza kupita, na akakaa chini kwenye udongo karibu na mduara wa mawe meupe. Magoti yale yaliyokuwa yakiugua yalikunjika bila shida.

Makaburi yetu leo ni ya kupigiwa mfano, na watu wa Tulia watakuambia. Nililijengea la babu kwa mawe ya kuchonga na kuandika jina lake kwa herufi nilizozikata mwenyewe. Niliweka ua mpya, nikasafisha na yale ya watu wengine kama mzee wa kanisa alivyoomba. Lile dogo sikuliwekea saruji, mama alikataa. Alisema saruji itamlemea. Tuliongeza tu mawe meupe pale yaliyokuwa yamezama. Na jina langu bado halitamki. Nilipomuuliza baadaye, alisema aliitwa apite, hakuitwa azungumze majina.

Lakini siku ile, kabla ya yote hayo, tulimwacha akae. Shangazi alisogea kando akaanza kung'oa magugu yasiyokuwepo. Mama alizungumza na mtoto wake kwa sauti ya chini ya kawaida, kama mtu anayechambua mboga. Alimwambia tulihama, na kwamba huko chini ni joto lakini mbaazi zinakubali. Alimtajia wadogo zake mmoja baada ya mwingine, ameoa nani, ameolewa wapi, nani amefanana na baba. Alipofika kwangu alisema, "Huyu ana nyumba kubwa, ina maji ya moto." Hakuwahi kuisifu nyumba ile mbele yangu.

Jua lilikuwa bado kali, na tulikuwa tumefyeka kila kitu chenye kivuli. Mama akaangalia mduara.

"Mzee, kichwa chake kiko upande gani?"

Nikamwonyesha, upande wa mishubiri, sawa na wa babu yake.

Akajisogeza pale pale alipokaa, kidogo kidogo, mpaka kivuli chake kikaangukia upande ule wa mawe, na akabaki hapo.